Jiko la Udongo, Mtungi na Mkeka: Tathmini ya Vifaa Vitatu vya Kupokelea Wageni Uani Wakati wa Kaskazi

Kaskazi inapovuma Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, sebule yenye makochi ya sponji na mapazia mazito huwa mahali pagumu pa kumkaribishia mtu. Joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, hewa imejaa unyevu wa bahari, na ukuta wa tofali za saruji ulioota jua tangu asubuhi huendelea kutoa joto hadi usiku, huku feni ikizungusha hewa ile ile. Ndiyo maana mwezi wa Novemba niliamua kuwahamishia wageni wangu wa Jumapili uani, chini ya mwembe, na badala ya kununua seti ya meza na viti vya bustani nikanunua vitu vitatu: jiko la mkaa lenye udongo ndani, mtungi wa maji na mkeka wa miyaa. Nimevitumia kaskazi nzima, karibu kila wiki, kwa wageni wasiopungua sita na wasiozidi kumi na watano.

Kipimo nilichotumia kuvitathmini ni kimoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika nyumba nyingi ninazozifahamu mwenyeji haponi hata kidogo: anashinda jikoni akikaanga, anapita na sinia, anakwenda kufuata barafu, na wageni wanapoaga ndipo anapokumbuka kwamba hakupata hata nafasi ya kumuuliza shangazi yake hali ya mguu unaomsumbua. Kwa hiyo kila kifaa nilikipima kwa swali hili: je, kimeniwezesha kukaa chini na watu niliowaalika? Bei, uzuri na uimara nimevizingatia pia, ila baada ya hilo.

Nianze na jiko, kwa kuwa ndilo lililobadilisha mambo zaidi. Kwa nje ni bati lililokunjwa likawa pana juu na chini na jembamba kiunoni. Ndani ya nusu ya juu kuna bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu kwenye kitako chake, lililoshikizwa kwenye bati kwa saruji. Nusu ya chini ni nafasi ya majivu, na ina kijilango kinachofunguliwa kuongeza hewa na kufungwa kuipunguza. Umbo hili lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuchukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kuliunganisha na jiko la bati la kienyeji, na lilienea haraka kwa sababu mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa nyundo na mkasi waliokuwa nao tayari. Kwetu watu wengi huliita jiko bora. Tofauti yake na jiko la bati tupu ni rahisi kuieleza: bati hupitisha joto upesi na kulimwaga pembeni, miguuni mwa mpishi, ilhali udongo hulizuia lisitoroke na kulielekeza juu penye chakula. Mkaa unaotumika hupungua kwa kiasi ambacho mnunuzi atakiona katika matumizi ya wiki ya kwanza tu.

Jiko langu nililinunua kwa mafundi wa Gerezani, na ninamshauri kila mnunuzi asione haya kulikagua mbele ya muuzaji. Lipindue utazame kitako cha bakuli la udongo. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida na hazina madhara, lakini ufa unaopita kutoka tundu moja hadi jingine utafunguka baada ya mioto michache na bakuli litagawanyika vipande viwili. Fungua na kufunga kijilango mara kadhaa, kwa sababu kijilango kisichofunga barabara kinakunyima uwezo wa kutawala moto, na hapo jiko linabaki kuwa chombo cha kubebea mkaa tu. Tikisa pia vile vishikio vitatu vya kuwekea sufuria. Vikiwa vimepigwa ribiti moja moja vitalegea, vikiwa na mbili mbili vitadumu.

Kabla ya jiko hili nilikuwa na jiko la kuchomea nyama lililotoka nje ya nchi, refu, la bati jepesi lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa, lenye magurudumu na mfuniko. Jina la kiwanda silitaji. Lilikuwa zuri machoni, lakini hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma: katika kaskazi moja kitako chake kilitoboka kwa kutu, mguu mmoja ukapinda, na siku ya mwisho lilimwaga makaa ya moto hatua mbili kutoka alipokuwa amekaa mtoto wa jirani. Namshukuru Mungu hakuungua mtu. Jiko la udongo halina magurudumu wala miguu mirefu. Linakaa chini, ni zito, na halipinduki kwa kusukumwa na mtoto anayekimbia.

Sasa nieleze linavyofanya kazi siku yenyewe. Saa kumi na nusu ya jioni, jua likianza kulegea, napanga makumbi makavu ya nazi chini, juu yake vifuu vilivyovunjwa vipande, kisha mkaa. Makumbi hushika moto kwa kiberiti kimoja, vifuu hutoa mwali mkali wenye harufu ya mafuta ya nazi, na mkaa hufuata bila mafuta ya taa, ambayo kwa maoni yangu hayafai kabisa kukaribia chakula. Kijilango nakiacha wazi. Katika robo saa ya kwanza moto wa jiko hili ni mkali mno, kwa kuwa udongo umeukusanya mahali pamoja, na mtu akiwahi kuweka nyama ataiunguza nje ikabaki mbichi ndani. Kosa hilo nililifanya Jumapili ya kwanza. Dawa yake ni kusubiri hadi makaa yavae majivu meupe, kisha kufunga kijilango nusu. Tangu hapo joto linakaa pale pale kwa muda mrefu, bila kupepea na bila kuchochea, na hapo ndipo mwenyeji anapopata nafasi ya kuketi.

Mishkaki naitayarisha mapema. Nyama ya ng'ombe isiyo na mishipa naikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, naipaka tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndimu, pilipili na papai bichi lililokunwa. Papai ndilo linalolainisha, lakini lina mpaka wake: saa moja inatosha, na nyama iliyolala usiku kucha katika papai huwa rojorojo na kuponyoka kwenye kijiti. Vijiti navilowesha majini tangu mchana ili visishike moto. Wavu nauweka juu ya vile vishikio vitatu, kiasi cha upana wa vidole vinne kutoka kwenye makaa, na mishkaki inaiva polepole huku mafuta yakidondoka na moshi wa vifuu ukiipanda nyama. Jumapili nyingine nilichoma vipande vya jodari kutoka soko la samaki la Feri, vilivyopakwa chumvi, ndimu na pilipili manga tu, na jiko likaonyesha uwezo wake vizuri zaidi, kwa maana samaki anataka moto tulivu usiorukaruka.

Kasoro yake kubwa ni mdomo mdogo. Upana wake ni takriban sentimita 28, na mishkaki minane ndiyo inayolala juu yake kwa raha. Wageni wakiwa sita hakuna tatizo. Wakiwa kumi na wawili wanakula kwa zamu. Mwanzoni jambo hili lilinitia aibu, hata nikafikiria kununua jiko refu la chuma la wauza nyama choma, lakini baada ya majuma machache niliona kwamba chakula kinachotoka kidogo kidogo, cha moto, huku watu wakizungumza, kinawafaa wageni wa jioni kuliko sinia moja kubwa linalopoa mbele ya macho yao. Hata hivyo, kwa anayezoea kualika watu zaidi ya kumi, ushauri wangu ni majiko mawili madogo, si moja kubwa: moja la kuchomea na la pili la mihogo, mahindi mabichi, au birika la kahawa.

Yapo mambo mawili ya hatari yanayopaswa kusemwa waziwazi. Kwanza, jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha ghafla, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha, kwa sababu mkaa unaofifia hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na kila mwaka tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Pili, usimwagie maji bakuli la udongo likiwa la moto. Litapasuka kwa mlio kama wa risasi, na huo ndio utakuwa mwisho wa jiko. Funga kijilango, funika mdomo kwa sufuria kuukuu, na makaa yatazimika yenyewe na kubaki kwa ajili ya wiki ijayo.

Najua pia kwamba serikali inatuhimiza tuache mkaa, na sababu zake ni za kweli: misitu inakwisha na moshi unaumiza mapafu ya kina mama. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nyumbani kwangu wali, mchuzi na chai hupikwa kwa gesi, na jiko hili hutoka stoo siku za wageni tu. Vifuu, ambavyo kwa muuza nazi ni taka, vinachukua karibu nusu ya nafasi ya mkaa. Kwa matumizi ya namna hiyo nalipendekeza bila wasiwasi. Kama jiko la kila siku, silipendekezi.

Mtungi ni habari tofauti, na hapa lazima niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi. Mtungi hupoza maji kwa kutoa jasho: maji hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, hufika nje, na upepo unapoyakausha huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu kama ya Dodoma au Singida, kazi hiyo hufanyika vizuri sana. Hewa ya pwani imekwisha kushiba maji, kwa hiyo jasho la mtungi hukauka kwa shida. Nilipima kwa kipimajoto mchana mmoja wa Januari: maji ya tangi yalikuwa nyuzi 31, na ya mtungini, baada ya kukaa tangu alfajiri kivulini mwa mwembe, yalikuwa nyuzi 27. Anayetafuta maji ya kuumiza meno hatayapata hapa.

Pamoja na hayo, maji ya mtungi ndiyo yanayokwisha kwanza uani kwangu, na ndoo ya barafu iliyowekwa pembeni yake hubaki na maji mengi hadi watu wanaondoka. Nafikiri sababu ni kwamba mtu aliyetembea juani hupenda maji anayoweza kuyanywa kwa mkupuo mmoja, na maji ya nyuzi 27 yanateremka kooni bila kugutusha. Ipo pia ladha yenyewe ya udongo, ambayo kwa waliolelewa na bibi zao ni ladha ya nyumbani. Mjomba wangu, ambaye hutembelea fimbo na huwa hasifu kitu kirahisi, alikunywa kata mbili mfululizo, akakirudisha kifuu juu ya kifuniko taratibu, akasema, "Mwanangu, maji haya nilikuwa nimeyasahau."

Katika kununua mtungi, kwanza ugonge kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mzima hulia kama kengele ndogo, wenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa, hata kama ufa hauonekani kwa macho. Pili, usinunue uliopakwa rangi au uliong'arishwa kwa dawa, maana vitundu vyake vimezibwa na hautatoa jasho. Mitungi ya namna hiyo ni ya mapambo na maua. Tatu, chagua wenye shingo inayotosha mkono kuingia, vinginevyo hutaweza kuusafisha. Aliye na ndugu anayetoka Kyela anaweza kumwagiza chombo cha Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao kina mama wao hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu na kuviuza katika soko la Matema. Vyungu vyao ni vyepesi na vyembamba kwa namna inayomshangaza mtu anapovishika mara ya kwanza.

Mtungi mpya haunyweki siku hiyo hiyo. Niliuloweka usiku mmoja, nikaujaza na kuumwaga kwa siku tatu mpaka harufu ya matope ikaondoka. Kisha nikafanya kama walivyofanya wazee wetu wa pwani: niliweka ubani maka juu ya makaa katika chetezo, nikaufudikiza mtungi mkavu juu yake, nikauacha unywe moshi hadi ubani ukaisha. Nilipoutia maji, harufu ile ilikuwemo ndani yake, nyembamba, isiyoshindana na kiu. Inadumu siku nne au tano, kisha unafukiza tena. Chini yake niliweka karai lenye mchanga uliolowa, ambao unasaidia kupoza kitako na pia unakunywa maji yanayochuruzika yasifanye tope.

Tahadhari zake ni chache. Mtungi hausafishi maji. Maji yachemshwe kwanza na yapoe ndipo yatiwe. Usiuoshe kwa sabuni, kwani udongo utainywa na kukurudishia povu kwa wiki nzima. Maji ya moto na kipande cha kumbi vinatosha, na baadaye uanikwe juani. Usiutilie sharubati ya ukwaju wala juisi ya embe, kwa sababu utamu utaingia katika vitundu na kuchacha humo. Baada ya miezi kadhaa chumvi ya maji yetu ya kisima huziba vitundu na jasho hupungua. Hapo unahitaji kuusugua kwa ndani, na ukikataa kupona, uupandie mrehani na ununue mwingine. Kwa kulinganisha na kasha la plastiki la barafu, ambalo linataka barafu mpya kila mara na mtu wa kuifuata, mtungi unajazwa alfajiri na hauulizi kitu tena. Kwa kipimo changu cha mwenyeji kukaa chini, umefaulu kuliko hata jiko.

Madafu, kwa taarifa ya wasomaji, hupozwa kwa njia hiyo hiyo: yasichongwe, yafunikwe kwa gunia la katani lililolowa, yakae kivulini upepo unapopita, na gunia lirushiwe maji kila linapokauka.

Mkeka niliuagiza kwa mama mmoja msusi wa Rufiji, na nilisubiri wiki tano. Ni muda mrefu kwa aliyezoea kununua na kuondoka, lakini ukiielewa kazi yenyewe huoni kwamba ni mrefu. Miyaa, yaani majani ya mkoma, hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa chane nyembamba, baadhi hutiwa rangi kwa kuchemshwa, ndipo husukwa ukili mrefu, na ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Mikeka ya ukindu ni laini na myembamba zaidi, na bei yake ni ya juu. Ya miyaa ni migumu kidogo, lakini kwa kukaliwa na watu wazima kumi ardhini naiona inafaa zaidi. Wangu una mistari ya zambarau na kijani, na mshono wake nimeupima kwa kuuvuta pande zote mbili kwa nguvu bila kuona mwanya.

Faida yake wakati wa kaskazi inaonekana unapoulinganisha na mkeka wa plastiki, ambao siku hizi umejaa kila duka kwa kuwa ni wa bei nafuu na hufutika kwa kitambaa. Plastiki hainywi jasho. Mtu akikaa nusu saa kwa miguu iliyokunjwa, ngozi inagandana nayo, na anaponyanyuka inatoa mlio unaomtia haya mbele ya wakwe. Mkeka wa miyaa una nafasi ndogo ndogo kati ya chane, hewa inapita chini na juu, na ukirushiwa maji kidogo na kupanguswa robo saa kabla ya wageni kufika, unakuwa na ubaridi ambao godoro la kochi haliwezi kuutoa. Vilevile unaondoa swali la nani akae wapi. Viti vikiwa vinane na watu kumi na mmoja, watatu watasimama wakijifanya wanapenda kusimama. Mkekani watu husogeleana, na mtoto analala hapo hapo mama yake alipo.

Hata hivyo, si kila mtu anaweza kukaa chini. Wazee wenye magoti mabovu, wajawazito, na watu wanene wanateseka, na kwao heshima ni kuwa na kiti cha kuegemea mapema, kilichokwisha kuwekwa pembezoni mwa mkeka, wasije wakalazimika kukiomba. Ninavyo viwili, na kimoja ni cha mjomba yule wa fimbo. Kasoro nyingine ya mkeka ni masika: unyevu wa Aprili huutia ukungu mweusi usiotoka. Uanikwe vizuri, ukunjwe kwa kuviringishwa kama gombo, kamwe usikunjwe kama shuka maana chane zitakatika kwenye mkunjo, na usimamishwe wima mahali pakavu. Mafuta ya mishkaki yakidondoka, nyunyiza unga wa muhogo uyanywe, kisha pangusa. Ukikimbilia kusugua kwa maji utayatandaza.

Pamoja na mkeka, msusi yule aliniletea kawa mbili za ukili bila kuziomba, na nimezipenda kupita nilivyotazamia. Jioni ya joto nzi huja kabla ya wageni. Mahamri yakifunikwa kwa nailoni hutoa jasho na kulainika kama yaliyolala. Chini ya kawa yanapumua, nzi wanabaki nje, na hadi saa moja usiku ukoko wake bado unavunjika. Sahani ya jirani, ambayo mtu mwenye moshi wa nyama uani kwake hawezi kukosa kuipeleka, nayo inapendeza zaidi ikivuka ua chini ya kawa.

Kuhusu taa na mbu sina mengi. Jua linatua karibu saa moja kasorobo mwezi wa Januari, na mbu hufika dakika hizo hizo. Majani makavu ya mwarobaini juu ya makaa yaliyobaki husaidia, ila yakizidi wageni watakohoa. Feni ya kusimama iliyovutwa hadi mlangoni ni bora zaidi, kwa kuwa mbu hawezi kuruka katika upepo wake, ikiwa umeme upo. Taa moja ya sola iliyoning'inizwa mwembeni inatosha watu kuonana nyuso.

Nimewahi kujaribu njia ya pili, ya kukodi, na kwa haki ya msomaji nieleze ilivyokwenda. Mwezi wa Desemba nilikuwa na wageni ishirini na watano, nikalipa nusu ya fedha kwa mkodishaji mmoja, ambaye jina lake silitaji, alete turubai, viti na meza saa nane mchana. Gari lilifika saa kumi na moja na robo, wageni wakiwa wamekwisha kufika, na vijana wake wakaanza kusimika nguzo katikati ya watu wazima waliovaa kanzu na madira. Viti vilikuwa na vumbi la sherehe ya jana yake. Nilishinda saa mbili nikipangusa viti na kuomba radhi, nyama ikaungua, na baadhi ya wageni niliwaona nyuso zao kwa mara ya kwanza walipokuwa wakiaga. Sisemi kwamba wakodishaji wote wako hivyo. Kwa harusi na hitma hakuna njia nyingine, na wapo waaminifu wengi. Ninachosema ni kwamba kwa jioni ya Jumapili ya watu kumi, kumtegemea mtu mwingine kwa ajili ya mahali pa kukaa ni kujitwisha mashaka yasiyo ya lazima, na kwamba fedha nilizolipa siku ile moja zilikaribia bei ya mkeka wangu.

Kama ningepaswa kununua kimoja tu kati ya hivi vitatu, ningenunua mkeka kwanza, ijapokuwa mtungi ndio uliosifiwa zaidi na jiko ndilo lililotumika kwa furaha zaidi. Chai ya tangawizi na maandazi yaliyopikwa ndani kwa gesi yanaweza kuliwa mkekani na jioni ikawa nzuri. Mishkaki mizuri kuliko yote ikiliwa kwa kusimama, watu wakitafuta pa kuweka sahani, haifiki mbali. Kwa mwenye chumba kimoja cha kupanga na ua wa kushirikiana, mkeka ndio pekee unaoingia nyuma ya mlango.

Wa kwangu umeanza kufumuka mshono pembe moja, upande wanakoingilia watoto. Nimempigia simu yule mama wa Rufiji, akaniambia nisiutupe wala nisiushone kwa uzi wa nailoni, kwa kuwa nailoni hukata chane. Atanitumia kitita kidogo cha miyaa kwa basi, niiloweshe nusu saa, nishone kwa mkono, na wakati huo huo ameanza kunisukia jamvi pana la kutosha watu ishirini.